Pa Kuzimia Sigara

Pipa lilishika moto Jumanne, saa nne na robo asubuhi, wakati kesi ya mpaka wa shamba katika Chumba Namba Mbili ilikuwa imefika kwa shahidi wa tatu. Lilikuwa pipa la plastiki la kutupia karatasi, limewekwa chini ya dirisha, hatua tatu kutoka ngazi za mahakama. Kwanza ulitoka moshi mwembamba ambao hakuna aliyeujali. Kisha plastiki ikaanza kunywea, na moshi mweusi ukaingia dirishani kama mtu aliyeitwa jina. Shahidi akakohoa. Karani akakohoa. Hakimu alivumilia, akajifunika pua kwa ncha ya joho, mwishowe akagonga meza na kuiahirisha kesi hadi mwezi unaofuata.

Aliyeuzima moto ni mfagiaji wa ua, mwanamke wa makamo ambaye pale wote walimwita Mama Pacha. Alikuwa anapiga deki veranda ya masjala aliposikia kelele. Akaja mbio na ndoo yake ya maji machafu, akaimwaga, akakimbilia bombani, akarudi akamwaga tena. Watu walipomaliza kutoka ndani wakijipepea kwa mafaili, pipa lilikuwa donge jeusi lililoganda sakafuni, na Mama Pacha amesimama kando yake, gauni limelowa chapachapa, mkono wa kushoto umebabuka karibu na kiwiko.

Alitegemea mtu amwulize kama ameumia.

"Pipa hili umelimwaga lini?" Msimamizi wa usafi ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na tangu apewe cheo hicho alikuwa na hofu moja tu maishani: kuitwa ofisini kwa Msajili.

"Asubuhi, bosi. Saa kumi na mbili na nusu."

"Na sasa ni saa ngapi?" Hakungoja jibu. "Simama hapohapo. Mheshimiwa akitoka amwone mhusika."

Basi akasimama. Hakimu akatoka, akamtazama yeye, akalitazama donge, akatikisa kichwa. Mawakili wakapita wakiinua miguu kuruka maji. Bwana mmoja akatoa simu na kupiga picha, na Mama Pacha hakujua kama anayepigwa ni yeye au pipa, maana walikuwa wamesimama pamoja. Alisimama hivyo karibu nusu saa, maji yakimchuruzika kwenye ndala.

Alasiri alikabidhiwa barua. Ajieleze kwa maandishi, kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, kwa nini asiachishwe kazi kwa uzembe.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwa miaka ishirini na miwili, mpaka ule mwanga wa cheche ulipoanza kumla macho na daktari akamwambia achague: kazi au macho. Alichagua macho. Sasa ilikuwa mwezi wa nane yuko nyumbani, na majirani bado walimwita Fundi kwa mazoea, kama duka linavyoendelea kuwa na kibao baada ya kufungwa. Alikuwa amejifunza kupika. Mwanzoni aliunguza kila kitu. Siku hizi mabinti zake walikuwa wanaomba kuongezewa.

Mabinti hao, pacha wa miaka kumi na minne, waliketi mezani na karatasi safi. Mmoja alikuwa na mwandiko, mwingine alikuwa na maneno.

"Andika: 'Nakiri kupokea barua yako,'" alisema wa maneno.

"Andika kwamba nimeungua mkono," alisema mama yao.

"Mama, ukianza na mkono watadhani unadai fidia."

"Basi andika ukweli. Pipa lile ni la karatasi. Mimi sivuti sigara. Kuna mpumbavu mmoja amemaliza sigara yake akaitia humo bila kuizima. Huyo ndiye aandikiwe barua! Ningemjua, wallahi, ningemshika shati mbele ya Hakimu."

Fundi alikuwa anapakua chakula. Akaweka mwiko chini, akatoka nje. Mama Pacha alidhani amekwenda kuangalia jiko. Alipoona harudi akamfuata, akamkuta amesimama akiutazama mkaa usio na kitu juu yake.

"Chakula kinapoa, Baba Pacha."

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kile kipisi. Ni mimi."

Mama Pacha akacheka kidogo, akingoja naye acheke. Hakucheka.

"Nilipokuja kuchukua ufunguo," alisema Fundi. Asubuhi ile mkewe alikuwa ameondoka na ufunguo wa chumba kwenye mfuko wa aproni, naye akaufuata kwa miguu mpaka mahakamani. "Ulinipa, ukarudi kwenye deki. Nilikuwa na sigara mkononi. Nilipoimaliza nikatazama chini. Ua wote umeshaufagia, mistari ya ufagio bado inaonekana. Nikajiuliza, nikikitupa hapa, nani atainama kukiokota? Ni mke wangu. Nikakisugua ukutani, nikaona kimezima, nikakitia kwenye pipa. Macho yangu haya... niliona kimezima."

Ndani, wale pacha walikuwa wamenyamaza kwa namna ya watoto wanaosikiliza.

"Miaka tisa," Mama Pacha alisema polepole. "Miaka tisa naokota vipisi vya watu. Nafagia, mtu ananyanyua mguu kama anapisha kuku, halafu anadondosha kipisi kingine palepale nilipofagia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunionea huruma. Leo nimempata wa kwanza wa kunionea huruma, na ndiye anayenifukuzisha kazi!"

"Nitakwenda kusema."

"Huendi popote! Ukisema, watasema mfagiaji na mumewe wanaichoma mahakama. Mimi nitafukuzwa, na wewe utalala ndani. Hawa watoto watabaki na nani?"

Mlangoni akatokea binti wa mwandiko, kalamu mkononi.

"Sasa tuandike nini?"

*

Ijumaa asubuhi Fundi alinyoa ndevu. Akavaa shati aliloliweka kwa ajili ya mazishi na harusi, akamwambia mkewe, "Nitakusindikiza tu." Mama Pacha alijua anadanganywa, akakubali kudanganyika. Siku tatu alikuwa amemkasirikia mchana kutwa, na kila alipolala ubavuni pake alikuta hasira haina pa kushika. Mtu aliyemtakia mabaya angemkasirikia vizuri. Huyu alitaka tu asiiname.

Ofisi ya Msajili ilikuwa ghorofa ya kwanza. Msajili alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, miwani imefungwa kamba shingoni. Ilisemekana hacheki. Ukweli ni kwamba alikuwa anacheka sana nyumbani kwake. Ila kazini alishagundua kwamba akicheka, watu huanza kuomba ruhusa. Msimamizi wa usafi alikuwa ameshaketi, kalamu zake mbili mahali pake.

Msajili alisoma barua ya kujieleza mpaka mwisho. Ilikuwa fupi na mwandiko wake ulipendeza. Haikumtaja mtu.

"Umeandika hujui nani aliyetupa sigara."

Mama Pacha akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mlango ukagongwa na kufunguka kwa pamoja.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Fundi. Kofia alikuwa ameivua na kuikunja. "Mimi ni mume wake. Sigara ni yangu."

Msimamizi akainuka nusu. Msajili akamwonyesha kwa kidole akae. Kisha akavua miwani na kumtazama yule mtu mlangoni, macho yake mekundu, mikono yake yenye makovu madogomadogo ya cheche.

"Hebu nieleze," alisema. "Watu hapa wanatupa vipisi chini kutwa nzima. Wanauona ua ni mali yao. Wewe kwa nini hukutupa chini kama wenzako?"

"Nilikuwa nimeona amefagia, Mheshimiwa. Sikutaka aje kuinama kwa ajili yangu."

Msajili alikuwa ameuliza swali lile kama anavyouliza maswali yote, kwa ajili ya kumbukumbu za faili, na jibu lile halikuwa na mahali pa kuandikwa. Alijikuta anaikumbuka miaka yote aliyopanda ngazi zile asubuhi, ua ukiwa safi, bila kujiuliza ulisafishwa na mgongo wa nani.

"Lakini pa kuvutia sigara tumeweka," alisema baadaye. "Nyuma ya vyoo. Kuna kibao kabisa."

Msimamizi akakohoa. Mama Pacha, ambaye alikuwa ameshaona kazi imekwenda na hivyo hakuwa na cha kuogopa, akasema:

"Kibao kipo, Mheshimiwa. Kiliandikwa 'Eneo la Kuvutia Sigara'. Watani wakakwangua neno la mwisho. Sasa kinasema 'Eneo la Kuvutia', na harufu yake ni ya vyoo."

Pembe ya mdomo wa Msajili ikatikisika.

"Na hata kisingekwanguliwa, hakuna anayekwenda," aliendelea. "Karani anaitia kesi verandani. Ukiwa kule nyuma husikii kitu. Mtu ameacha shughuli zake, amekuja na wasiwasi wake, aende akajifiche asikolisikia jina lake? Wanasimama wanapouona mlango. Na walipo hapo hapana pa kuzimia. Kuna chini, na kuna pipa la karatasi. Mvutaji mwovu anatupa chini. Mwema ndiye anayetuunguzia pipa."

Msajili aliivaa miwani. Akaichukua ile barua ya kujieleza, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Wewe rudi kazini," alimwambia Mama Pacha. "Na huo mkono ukautazamishe, mbona umeachwa hivyo?" Akamgeukia Fundi. "Wewe umeharibu ukuta wa serikali. Jumatatu uje na brashi, uusugue mpaka masizi yatoke."

Kwenye ngazi, wakishuka, Mama Pacha alilazimika kushika ukuta. Fundi akampa bega, wakashuka hivyo, wazee wawili wa ghafla.

"Nilikwambia usiingie," alisema mkewe.

"Uliniambia."

"Asante kwa kutonisikiliza."

*

Masizi ni kitu kigumu. Fundi aliusugua ukuta ule siku tatu, kwa sabuni, kwa mchanga, kwa jivu, na kwa kuwa alikuwa chini ya dirisha kutwa nzima, aliwaona wavutaji wote. Macho yake yalikuwa yameharibika, lakini yalitosha kuona mtu amesimama wapi. Siku ya kwanza alitazama tu. Siku ya pili aliokota kipande cha chaki kilichoanguka kwenye ubao wa ratiba za kesi, na kila mtu alipowasha sigara, yeye alingoja aondoke, akaenda kuchora msalaba mdogo pale zilipokuwa nyayo zake.

Msimamizi alipoona sakafu imejaa misalaba aliingiwa na baridi. "Unachora nini hapa? Umetumwa kusugua, hukutumwa kuchora!"

"Ndugu yangu, hesabu mwenyewe," Fundi alisema. "Pembe ya ngazi, ishirini na sita. Chini ya paa la baiskeli, kumi na tisa. Getini wanapoteremka kwenye magari, kumi na moja, hao wanamalizia kabla ya kuingia. Kwingine kote, mmoja mmoja. Sehemu ni tatu tu."

Msimamizi alihesabu. Alikuwa mtu wa mahesabu, na misalaba ilikuwa kweli. Akasimama pale muda mrefu, kisha akatoa moja ya kalamu zake na kuanza kunakili. Jioni aliipeleka karatasi ile kwa Msajili, na kwa heshima yake isemwe kwamba aliandika juu yake: "Utafiti umefanywa na mume wa mfagiaji."

Wiki iliyofuata akaja muuzaji, na gari lake, na mifano mitatu ya visahani vya majivu vya nje. Viliwekwa verandani. Msajili akaita watu wachache, akamwita na Mama Pacha, ambaye alikuja na ufagio kwa kudhani ameitwa kufagia.

"Weka ufagio," alisema Msajili. "Tusaidie kuchagua."

Cha kwanza kilikuwa kizuri kwelikweli: nguzo ya kung'aa kama kioo, juu yake bakuli pana lenye mchanga mweupe. Kila mtu alikipenda. Hakimu, aliyekuwa anapita, alisema hicho kingeipa mahakama heshima.

"Mvua ikinyesha?" aliuliza Mama Pacha.

"Mama, hiki ni cha kisasa," alisema muuzaji.

"Cha kisasa nakipenda, mwanangu. Ila ni mimi nitakayekimwaga. Mvua ikinyesha?"

Hakusubiri jibu. Alikwenda kuchota birika la maji, akatia vipisi vichache kutoka kwenye koleo lake la taka, akamimina. Bakuli likajaa, vipisi vikaelea, vikavuka ukingo, vikashuka na maji ya rangi ya chai mpaka kwenye viatu vya Hakimu. Hakimu akarudi nyuma. Mtu mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa chafya.

Cha pili kilikuwa kisanduku chepesi cha kubandika ukutani, chenye tundu dogo. Mama Pacha alikipenda hicho, mpaka alipokinyanyua kwa mkono mmoja. "Hiki kitalala hapa siku moja tu. Kesho kinauzwa vyuma chakavu."

Cha tatu hakuna aliyekitazama. Kilikuwa bomba nene la chuma, rangi ya kijivu, kifuniko juu kama kofia ya mvua, na chini ya kofia matundu yenye upana wa kidole. Mama Pacha alijaribu kupenyeza karatasi iliyokunjwa, haikuingia. Akauliza kinafunguliwaje. Muuzaji akaonyesha kufuli, na ndani kindoo cha chuma chenye mpini.

"Moto ukibaki ndani?"

"Hauna hewa ya kutosha, mama. Unajifia."

"Na hii sahani ya pembeni yenye mikwaruzo?"

"Ya kusugulia kwanza, kabla ya kutia."

Mama Pacha alipitisha kidole kwenye ile mikwaruzo. Alikumbuka ukuta. Akatamani mumewe angekuwa pale akakiona. "Kibaya kwa sura," alisema, "lakini tutaelewana. Sitainama: navuta kindoo, namwaga, narudisha."

"Vitatu vya aina hiyo," Msajili alimwambia karani wa manunuzi. "Na lile pipa la karatasi, jipya liwe la chuma, likae ndani. Sasa, nani atakayevikita?"

Msimamizi wa usafi akajikohoza. "Kuna yule fundi, Mheshimiwa. Kazi hii haina kuchomelea. Ni zege na bolti. Nadhani... nadhani ataiweza. Sehemu anazijua kuliko sisi."

Mama Pacha alimtazama Msimamizi. Alikuwa na maneno mengi aliyomwekea tangu ile Jumanne, ameyapanga vizuri kabisa. Akagundua hayahitaji tena.

"Ahsante, bosi," alisema, na mwenyewe alishangaa kwamba ilitoka moyoni.

*

Fundi alivikita vyote kwa siku mbili. Alipima kwa kamba, akatoboa sakafu, akamwaga zege, akakaza bolti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakulipwa kama zamani, lakini alilipwa kama fundi, kwa jina lake, na akasaini.

Haikuwa miujiza. Wapo waliosimama kando ya bomba na bado wakatupa chini, kwa ukaidi tu. Wakili mmoja aliendelea kurusha vipisi vyake kwenye maua. Lakini Mama Pacha, aliyekuwa akijaza koleo mara nne kwa siku, sasa alijaza moja na hata hiyo haikufurika, na siku ya tano alikaa kwenye benchi la mashahidi kabla kesi hazijaanza, akamaliza kikombe chake cha chai kikiwa bado cha moto.

Alikuwa bado amekaa pale alipomwona mama mmoja mtu mzima, amejitanda vizuri, anatembea huku na huku kwenye pembe ya ngazi. Mwanawe alikuwa anasomewa hukumu siku ile. Yule mama alitazama kulia, akatazama kushoto, akatoa sigara ndani ya mtandio kwa haraka ya mwizi, akavuta mara nne. Kisha akaliona bomba. Akalisogelea, akakisugua kipisi kwenye sahani, akakitia kwenye tundu, akabaki ameweka kiganja juu ya kofia ya chuma kama mtu anayempongeza mtoto.

Alipogeuka akakutana na macho ya Mama Pacha, akaona haya.

"Usinicheke, mwanangu. Umri huu na sigara."

"Sikucheki, mama."

"Miezi kumi na minne nakuja hapa kwa ajili ya kijana wangu. Natafuta pa kutupa, naona watu wananitazama, nakifumba mkononi. Navibeba mpaka nyumbani. Nimetoboa mitandio miwili." Akafungua kiganja chake, kikaonekana kina alama ndogo za kuungua, tatu au nne. "Nani amekiweka hiki hapa?"

"Mume wangu."

"Mwambie asante. Mwambie bibi mmoja amesema asante sana."

Karani akatokea verandani na kuita jina. Yule mama akajifunga mtandio vizuri, akapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

Jioni Mama Pacha alimkuta Fundi jikoni, mikono bado ina ukavu wa saruji usiotaka kutoka, pacha wanabishana nani anaosha sufuria. Akavua aproni, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu.

"Nimekuletea salamu."

"Za nani?"

"Sikumwuliza jina. Bibi mmoja, mwanawe alikuwa na hukumu leo."

"Amefungwa?"

"Ameachiwa. Nimewaona wakitoka, wameshikana mkono kama watoto wanaokwenda shule." Akamweleza habari ya mitandio na kiganja, yote, mpaka mwisho. "Akasema nikwambie asante sana."

Fundi alikuwa amesimama na mwiko, chakula kinachemka mbele yake, mvuke unampanda usoni. Kisha akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Moshi huu," alisema.

"Ndiyo," alisema mkewe, "moshi," akainuka akampokea mwiko, ili akapumzike kidogo nje.